Sindano za Maji

Mwanamke niliyemdunga sindano za maji kwa wiki sita alikuwa mkausha samaki wa Masese. Katika wagonjwa wote niliowahi kuwahudumia, hakuna aliyefuata dawa zake vizuri kama yeye, na ndiyo maana ikawa rahisi kumdanganya.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nesi katika hospitali moja ya Jinja, kwenye chumba cha wagonjwa wa kudumu. Ndivyo tulivyowaita watu wa sukari, wa presha, wa moyo, wa kifafa, wa pumu, na wengi wao walikuwa na maradhi mawili au matatu kwa pamoja. Vita vilikuwa upande wa magharibi, mbali na sisi. Hatukusikia bunduki. Tulichokiona ni madaktari kuondoka mmoja mmoja bila kuaga, na rafu za dawa kubaki na karatasi za majina bila chupa.

Mimi ni mtu wa Nakaloke, karibu na Mbale, binti wa Kiislamu, na nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili tangu utoto. Jinja Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi. Nikimwita mgonjwa kwa Kiswahili, benchi zima lilinyamaza na wanawake wakaangalia miguu yao. Nikajifunza Kisoga cha kutosha kusalimia. Mkausha samaki alikicheka Kisoga changu, akaniambia niendelee tu na Kiswahili, kwa sababu yeye alikuwa ameuza samaki kambini na hakukiogopa.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwenye mabega mapana na mikono iliyoiva kwa moshi. Alikuwa na sukari ya kudungwa sindano kila asubuhi, presha, na pumu aliyoipata kwenye tanuri la samaki. Miezi ya mwanzo alinishinda. Hakujua kusoma, na maandishi niliyoandika kwenye bahasha za vidonge hayakumsaidia kitu. Kifua kikibana alimeza vidonge vitatu vya pumu kwa mpigo, moyo ukamwenda mbio, naye akadhani ni vya presha vinavyomdhuru, akaviacha. Sista mkuu wetu alimgombeza mbele ya watu. Alisikiliza akiwa amepiga magoti, akasema ndiyo, akaenda nyumbani akafanya vilevile.

Siku yangu ya mapumziko nikamfuata Masese. Nilikaa tangu asubuhi hadi alasiri nikitazama anavyofanya kazi. Hakuwa na saa, lakini kazi yake ilikuwa na saa zake. Nikamwambia, "Kidonge cheupe ukiwasha moto. Cha njano, nusu, ukigeuza samaki. Cha pumu kabla hujafungua tanuri, si baada ya moshi kukuingia. Cheupe tena ukipanga samaki kwenye vikapu."

Alirudia mara mbili, na tangu siku hiyo hakukosea. Alivifunga kwenye pembe tatu za kitambaa, kila aina na pembe yake. Baada ya miezi kadhaa aliniambia, akiniita daktari kwa Kisoga, "Musawo, sasa majirani wakitaka kujua saa wanaangalia mdomo yangu."

Kila Jumatatu tulipima mkojo wake. Kipimo kilikuwa tyubu ya kioo, matone machache ya mkojo, dawa ya buluu, na taa ya spiriti. Ukichemka ukabaki buluu, hakuna sukari. Ukiwa kijani, iko kidogo. Halafu njano, halafu chungwa, na ukifika rangi ya tofali, mgonjwa yuko hatarini. Alizijua rangi zote. Alikuwa anauliza kabla sijaitoa tyubu kwenye moto, "Leo majani?" Mara nyingi ilikuwa majani.

Chupa za insulini tulizihifadhi ndani ya mtungi wa maji, kwa sababu friji iliungua na fundi hakupatikana. Zilibaki kumi na moja siku afande mmoja wa kambini alipokuja.

Alikuja mchana, na askari wawili. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, amevaa msalaba mdogo kwenye mnyororo, na macho yake yalikuwa yamevimba chini. Nilijua ugonjwa wake kabla hajafungua mdomo. Aliingiza mkono kwenye mtungi hadi kiwiko, akatoa chupa moja moja akizipanga mezani, maji yakimwagika kwenye daftari langu.

"Hii yote naenda nayo," alisema.

Sista mkuu akasema, "Afande, tuna wagonjwa tisa wa sindano."

"Mimi ni ya kumi. Jeshi ni ya kwanza." Akanitazama. "Wewe unajua Kiswahili. Kila asubuhi gari inakuja kuchukua wewe."

Gari lilikuja kesho yake na kila siku baada ya hapo. Nyumba yake ilikuwa ya bati jekundu, karibu na mto, na ilikuwa na friji inayofanya kazi, chupa zetu zikiwa zimepangwa mlangoni pamoja na bia. Nilikuta ana presha pia, kubwa kuliko ya mwanamke wa Masese, na vidonge vyake alivimeza akikumbuka. Nilimwambia lazima viwe vya kila siku.

"Kunywa wewe kwanza," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kunywa. Watu mingi wanataka mimi nikufe."

Kila asubuhi nilimeza kidonge cha presha mbele yake, nikafungua mdomo na kuinua ulimi aone. Alingoja nusu saa. Nisipoanguka, alimeza chake. Mimi sikuwa na presha. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nashika kuta, na wagonjwa waliniuliza kama nina mimba.

Siku ya kwanza niliporudi kutoka kwake, nilikuta wale tisa wamekaa kwenye benchi. Sista mkuu aliniita stoo, akafunga mlango. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, aliyelala hospitalini siku nyingi kuliko kwake. Mezani aliweka chupa ya maji ya chumvi, yale tunayosafishia vidonda.

"Utawadunga haya," alisema.

"Sista, haya ni maji."

"Najua ni maji. Nimeshaandika kuomba dawa. Zitakuja. Ukiwaambia leo kwamba hakuna, wanne hawatarudi tena. Wataacha sindano, wataacha na vidonge vya presha ambavyo tunavyo, wataenda kwa waganga wa miti shamba. Dawa zikifika utawatafutia wapi? Umefanya kazi mwaka mzima kuwazoesha. Mazoea yakikatika hayaungiki."

Nikaichukua ile chupa, nikasoma karatasi yake.

"Na ukisema zimekwenda wapi," aliongeza, "gari linalokuja kukuchukua litakuja kuchukua na mimi."

Niliamini ile sababu ya kwanza. Nataka ijulikane hivyo, maana ningeweza leo kusema niliogopa bunduki tu. Niliiamini kwa sababu ilikuwa kweli: nilikuwa nimewaona watu wakiacha dawa zote kwa kukosa moja. Nikachemsha bomba la sindano la kioo, nikavuta maji, nikatoka.

Mwanamke wa Masese alikuwa wa kwanza kama kawaida. Alikunja gauni, akanipa paja. Baada ya sindano aliniambia, "Leo haiumi. Mkono yako umekuwa mzuri."

Wiki ya pili wawili kati ya wale tisa walikufa, wazee wote wawili, na ndugu zao walisema ni uzee. Yeye alikuwa bado anatembea kutoka Masese kwa miguu. Lakini alianza kunywa maji kama mtu aliyekula chumvi. Alikuja na chupa, akaimaliza kwenye benchi, akaomba nyingine. Mabega yakaanza kutoka mifupa. Jumatatu nilichemsha mkojo wake nikimpa mgongo, ukapita kijani na njano bila kusimama, ukawa tofali.

"Majani?" aliuliza nyuma yangu.

"Majani, mama," nikasema, nikaimwaga kwenye sinki.

Wiki ya tatu niliiba. Pale kwa afande nilivuta dozi yake, halafu nikageuka dirishani kana kwamba natoa hewa kwenye bomba, nikavuta nyingine kama hiyo na kuifinyia ndani ya kichupa cha dawa ya macho nilichokuwa nacho mfukoni. Siku nne nilifanya hivyo. Yote nilimpa yeye. Wengine sita sikuwapa hata tone, na sikuwahi kumweleza mtu kwa nini nilimchagua yeye. Nilimpenda, basi. Siku ya nne mkojo ulikuwa njano, unakaribia kijani. Alikuwa amelala vizuri, alisema, na hakuamka kukojoa. Alinikanda mkono kwa vidole vyake vya moshi.

Siku ya tano afande alikuwa mezani na chupa mbele yake, juu ya kitambaa. Alinionyesha ubavu wake. Kwenye karatasi ya chupa kulikuwa na mistari midogo ya kalamu, mmoja kwa kila siku tangu aichukue. Dawa ilikuwa chini ya mstari wa mwisho kwa kimo cha ukucha.

"Wewe mwizi," alisema, "ama wewe mgonjwa?"

Niliitazama ile mistari.

"Mwizi napeleka kambini. Mgonjwa natibu hapa. Chagua."

"Mgonjwa, afande," nikasema.

"Basi piga wewe mwenyewe. Kipimo ile yangu."

Sikuwa nimekula kitu. Nilivuta dozi yake nzima, nikaichoma kwenye paja langu, na aliniamuru nikae kwenye kiti mbele yake. Akaletewa mayai na viazi. Alikula polepole akitazama saa ya ukutani. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu njaa ikaja, njaa ambayo sijawahi kuisikia tena, nikatamani kurukia sahani yake. Jasho likanitoka, mikono ikatetemeka mpaka kiti kikawa kinagonga sakafu. Nikaanza kuona maafande wawili.

"Sasa unajua mimi nasikia namna gani," alisema. Hakuwa na hasira. Nadhani alifurahi kupata mwenzake.

Aliitwa kwenye redio ya jeshi chumba cha pili. Mpishi wake, mama mtu mzima wa Mbale, aliingia na kikombe cha maji yaliyokorogwa sukari mpaka yamekuwa mazito. Alinishika taya kama anavyoshikwa ndama, akanimwagia mdomoni, nusu ikaingia na nusu ikamwagika kifuani. Akapanguza sakafu na kitenge chake, akatoka. Afande aliporudi alinikuta nimekaa, nimelowa.

"Kesho saa ile ile," alisema.

Sikuiba tena. Kuna watu wangeiba tena, nami nimewahi kuwajua wawili watatu wa namna hiyo. Mimi nilirudi kwenye maji ya chumvi.

Wiki ya sita mwanamke wa Masese alikuja ameshikwa mkono na binti yake mkubwa. Macho yalikuwa yameanza kuona ukungu na mguu wa kushoto ulikuwa na kidonda kisichofunga. Vidonge vyake bado alivimeza vyote, kila kimoja kwa saa yake, ingawa tanuri alikuwa amemwachia binti. Binti alibaki nje. Nilichemsha mkojo nikiwa nimempa mgongo kama kawaida, lakini safari hii alinyanyuka. Sikumsikia. Alinizunguka, akaushika mkono wangu wenye tyubu na kuuinua karibu na macho yake, karibu kabisa, kwa sababu alikuwa haoni vizuri.

"Hii si majani."

"Moto umezidi, mama. Taa hii imeharibika."

"Mimi nakausha samaki miaka ishirini," alisema. "Moto mimi naujua."

Akauachia mkono wangu. Akaketi.

"Kwenye sindano kuna nini?"

Ningeweza kuendelea kusema uongo. Nilikuwa nimechoka tu. "Maji ya chumvi," nikasema.

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na zile siku nne zilizokuwa dawa kweli, kama mtu anayeomba apunguziwe kosa. Hakuzijali. Alikuwa anafikiria kitu kingine, midomo ikitembea kama anahesabu safari.

"Dada yangu yuko Busia," alisema, "upande ya Kenya. Bwana yake ana duka ya dawa."

Nikabaki nimesimama na tyubu ikiniunguza vidole.

"Siku ya kwanza nilikuwa na miguu," alisema. "Nilikuwa naenda kwa miguu kama lori hakuna. Mimi ningekuwa Busia kwa siku tatu."

"Hukuniambia una dada, mama."

"Wewe uliniuliza?"

Nilikuwa nimemuuliza kila kitu: chumvi anayokula, moshi anaovuta, usingizi wake, choo chake, mumewe alikufa na nini. Jambo hilo sikumuuliza, kwa sababu mtu hawezi kuuliza una ndugu wapi bila kusema kwa nini anauliza.

Alitandaza kitambaa chake mezani. "Nipe ya presha ya njiani. Na ya pumu." Nikahesabu vidonge vya wiki mbili, nikavigawa kwenye pembe zake. Alichukua kimoja, akanisogezea.

"Meza wewe kwanza," alisema.

Nilimeza. Alinitazama kooni mpaka kikashuka. Halafu akafunga kitambaa, akamwita binti yake, na hakuniaga.

Binti alirudi peke yake baada ya siku kumi na moja. Nilimuona mlangoni nikajua, lakini alitaka kunieleza, na nikasikiliza mpaka mwisho. Walipata lori la samaki. Mbele ya Iganga kulikuwa na kizuizi cha askari, na abiria wote walishushwa wakakalishwa juani kando ya barabara. Mama yake alikuwa amelegea, anapumua kwa nguvu, anasema maneno yasiyofuatana. Pumzi yake ilinuka kama ndizi za pombe. Hiyo ni harufu ya sukari ikiwa imemfikisha mtu mwisho. Nesi wa mwaka wa kwanza anaijua. Askari walisema amelewa. Mmoja alimuuliza ameficha wapi waragi. Binti akasema ni mgonjwa, wakamwambia anyamaze. Wakamsimamisha acheze ngoma kidogo, wacheke. Alianguka, wakamwacha alale pombe iishe. Wengine waliruhusiwa kupanda lori alasiri. Yeye hakuamka.

Binti alinieleza bila kulia. Kisha akaweka kile kitambaa mezani. Nilikifungua. Vilivyokosekana ni vidonge vya siku mbili, kila pembe hesabu yake sawasawa.

"Alimeza mpaka asubuhi ile," alisema. "Hivi vilivyobaki mpe mwingine."

Nilimpa mwingine. Vidonge vya presha vilikuwa vinakaribia kwisha, na alikuwapo mzee mmoja kwenye benchi.

Nilipomweleza sista mkuu, aligeukia dirishani. "Angekufa hata hivyo," alisema. Jioni hiyo nilimkuta stoo amekaa juu ya kreti tupu, lakini hatukuzungumza, na hatukuwahi kulizungumza jambo hilo hadi alipostaafu. Dawa alizoziandikia barua hazikuja.

Serikali ile ilianguka mwanzoni mwa mwaka. Malori ya askari yalipita Jinja siku nzima kuelekea mashariki na kaskazini, yamebeba magodoro, mabati, milango. Afande aliondoka na makochi. Mpishi wake alikuja hospitalini kuniita; chupa saba afande alikuwa amezisahau kwenye friji. Umeme ulikuwa umekatwa siku tano na nyumba ya bati ilikuwa kama jiko. Nilitikisa chupa ya kwanza: dawa ilikuwa imeganda mabonge kama maziwa yaliyochacha. Zote saba zilikuwa hivyo. Siku hiyo, kati ya wale tisa, alikuwa amebaki mmoja.

Nikarudi kwetu. Baadaye nikapata kazi Mbale, na amani ilipotulia wakanipa chumba cha wagonjwa wa kudumu nikisimamie mwenyewe. Niliweka sheria moja. Kila asubuhi kabla ya kumpima mtu yeyote, nilisimama mbele ya benchi na kusoma kwa sauti dawa zilizopo na zisizokuwepo. "Leo ya presha nyeupe ipo. Ya kukojoza haipo. Sindano ya sukari imebaki chupa mbili, haitafika Ijumaa. Mwenye ndugu Tororo, Kampala, Kenya, amtafute leo." Wengine walilia. Nikiwaona wanalia nilisoma kwa sauti zaidi. Walinipa jina, Sista Asiye na Moyo, na nikalizoea. Mkubwa wangu alinionya kwamba nawatisha watu. Nilimjibu vibaya.

Kuna waliookoka kwa sheria ile. Naweza kuwahesabu: mwalimu aliyepelekwa Kenya na mwanawe, wanawake wawili ndugu, kijana wa kifafa. Na kuna askari magereza mstaafu wa Nakaloke.

Alikuwa jirani ya mama yangu, Mkristo wa Teso aliyeoa kwetu, mtu wa sauti nzito na utani. Alikuwa na presha, sukari ya vidonge, na moyo uliovimba. Asubuhi moja nilisoma kwamba vile vya kukojoza, vinavyotoa maji mwilini, vimekwisha, na sijui vitarudi lini. Alinyanyuka kutoka kwenye benchi.

"Sasa afande sista," alisema, "gari ikikosa tairi moja, unaiendesha?"

Watu wakacheka.

"Unameza vilivyopo," nikasema. "Usiache hata kimoja."

"Haya, haya."

Alikwenda nyumbani akavitupa vyote chooni. Mkewe aliniambia baadaye. Alimwambia mkewe kwamba hospitali yenyewe imesema dawa hazitoshi, basi ya nini kujisumbua na nusu. Wiki tatu baadaye akaanguka akiwa anafunga mbuzi. Mkewe na shemeji yake walimleta kwenye baiskeli, wamemfunga kwa kamba kiunoni asianguke, mdomo umekwenda upande mmoja na mkono wa kulia unaning'inia.

Mkewe alinikabili mbele ya wagonjwa wote. Alikuwa mwanamke mpole, aliyeteka maji kisimani pamoja na mama yangu.

"Kwa nini ulimwambia?" aliuliza. "Ulikuwa huwezi kumpa kitu chochote? Kidonge chochote, cheupe, akameza, akatulia?"

Nilikuwa na jibu refu, lenye Masese ndani yake, na Busia, na barabara ya Iganga. Yeye mumewe alikuwa kwenye baiskeli anatokwa mate. Nikasema, "Mshusheni. Mlazeni upande wa kushoto."

Hakufa. Alirudi nyumbani Nakaloke akiwa hawezi kusema wala kutembea, lakini akili ilikuwa nzima, na macho yake yalinifuata chumbani kote. Alikataa dawa. Mkewe akimpa alitema. Kwa hiyo nikaanza kupita kwao kila alasiri nikitoka kazini, kabla sijafika kwa mama. Nilisaga vidonge vyake kwa chini ya kijiko, nikavichanganya na ndizi mbivu iliyopondwa, nikaketi pembeni ya kitanda chake. Alifunga meno. Nilimbana pua. Alinitazama, uso ukibadilika rangi, na mkono wake mzima ulinishika kifundo na kukiminya mpaka alama zikabaki. Mkewe alitoka nje kila mara, akasimama uani na mgongo wake mlangoni. Mwishowe alilazimika kupumua, nami nikaingiza kijiko mpaka nyuma ya ulimi, nikamfunga taya, nikangoja koo lipande na kushuka.

"Fungua nione," nilimwambia.

Presha yake ilishuka mwezi wa pili. Mguu ulianza kusogea. Aliishi miaka minne, bila kuanguka tena, na katika miaka hiyo nilikosa kwenda siku sita tu, nilipojifungua. Hakuna hata siku moja aliyonifungulia mdomo kwa hiari.